Mafunjo ya Nyuma ya Bafu

Mimi ni fundi saa, na kazi hii imenipa subira ambayo mke wangu anaiita uvivu. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba pale nyuma ya bafu nitapanda mafunjo, aliniangalia vile wateja wanavyoniangalia saa ikikataa kutembea.

Pale mahali hapakauki, iwe mvua iwe jua. Maji yanashuka kutoka kwa jirani wa juu, yanapenya chini ya ukuta, yanatulia kwetu kama yana hati ya kiwanja. Mke wangu alikuwa ameshajaribu kila kitu. Nyanya zilioza. Mwaridi aliopewa na dada yake ulioza mizizi, na wiki nzima nyumba ikawa na msiba. Nikamwambia kosa si la mahali, kosa ni kulazimisha. Penye maji panataka mmea unaopenda maji, na upo, wa hapa hapa kwetu, unaota mtaroni bila kubembelezwa na mtu.

Nikachukua jembe na ndoo, nikachimbua mashina, nikayagawa, majani nikayakata nusu ili mizizi isielemewe, nikayapanda kwa kuachanisha hatua moja moja. Baada ya miezi mitano yalinifika kiunoni. Vyura wakahamia, kereng'ende wakafuata, na mbu wakapungua, ingawa mke wangu anashikilia kwamba hawakupungua, wamejificha tu.

"Umenipandia magugu ya ndago," alisema.

"Si ndago. Ni mafunjo. Ndago ni binamu yake."

"Basi umeniletea ukoo mzima."

 Jumatano akatangaza kwamba Jumamosi saa nne asubuhi kaka yake, yaani shemeji yangu mwashi, atakuja kumwaga zege pale. Yeye apate pa kuanikia nguo, na mimi nipate akili.

Niliumia, sifichi. Saa za watu nazitengeneza zinaondoka na wenyewe. Mafunjo yale ndiyo kitu pekee nilichokianzisha mwenyewe kikabaki nami.

Lakini namjua mke wangu. Mbele ya wageni hathubutu hata kutoa kikombe chenye ufa. Wakiwepo watu waliokuja kuyatazama mafunjo yangu, zege halimwagwi. Nikaenda kwa fundi wa mabango, mtu anayejua kuandika kuliko wote mtaani, na anayejua kwamba anajua. Nikampa karatasi: BUSTANI YA MAFUNJO. KARIBUNI JUMAMOSI SAA TATU. Ijumaa nikiwa kazini akaja kulipigilia bango getini mwenyewe. Niliporudi nilipitia mlango wa nyuma, kuyasalimia mafunjo, kwa hiyo sikuliona.

Jumamosi saa tatu kamili nikafungua geti. Watu kumi na wanne, wote na madaftari! Moyo ukanijaa. Sikujua mtaa wetu una wapenda mimea kiasi hicho.

"Samahani, mwalimu," alisema mama mmoja wa makamo aliyekuwa mbele. "Vyeti tutapewa leo leo?"

"Vyeti vya nini, mama?"

"Vya mafunzo."

Nikatoka nje nikasoma bango. Herufi nyekundu, zimenyooka, zina kivuli: BUSTANI YA MAFUNZO. Fundi wa mabango mwenyewe alikuwa amesimama chini yake, anasubiri sifa.

"Nilikuandikia mafunjo!"

"Niliona," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikosea herufi, nikakusahihishia. Usijali, sijamwambia mtu."

Kila mmoja alikuwa amekuja na mafunzo yake kichwani. Mama yule alitaka udereva. Kinyozi wa kona alitaka kompyuta. Wachumba wawili walioshikana mikono walitaka mafunzo ya ndoa, wakauliza kama mkufunzi ni mimi au mama mwenye nyumba. Mke wangu, aliyetoka jikoni na mikono imejaa unga, akajibu kwamba mkufunzi wa ndoa katika nyumba hii hajapatikana bado.

Nikawapeleka wote nyuma ya bafu, maana pa kuwapeleka pengine sikuwa napo. Wakajipanga matopeni. Nikiwa na saa iliyofunguliwa mimi sina mpinzani, lakini mbele ya watu kumi na wanne ulimi uligoma.

"Haya ni mafunjo," nilisema. Wakaandika.

"Yanapenda maji." Wakaandika.

Kisha nikanyamaza, nikanyamaza sana, na sijui waliandika nini, lakini waliandika. Nilimsikia mchumba wa kiume akimnong'oneza mwenzake kwamba hapo ndipo ndoa inapoingia.

Shemeji yangu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufika mapema popote, siku hiyo alifika kabla ya saa nne. Akaingia na toroli limejaa kokoto. "Tunaanzia upande gani?" akauliza kwa furaha.

Mama wa makamo akafunga daftari lake kwa kishindo. "Kumbe utapeli! Tumeitwa kuangalia majani."

Nilimwona mke wangu, aliyekuwa ametufuata mpaka ukingoni mwa matope, akilipokea neno hilo. Miaka ishirini na miwili naijua ile shingo, na ikinyooka vile mimi huwa natafuta kofia yangu niondoke.

"Tapeli nani?" Akavua kandambili, akaingia matopeni. "Fungua hilo daftari. Fungua! Kila mtu ashike shina moja, alizungushe kwa vidole. Mnahisi nini?"

"Pembe," alisema kinyozi.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Nyasi shina lake ni mviringo. Mafunjo yana pembe tatu, na ndani yamejaa. Usiyaangalie kwa macho, yapapase."

 Akawaambia wagawe mashina mvua zinapoanza, kila kipande kiwe na mzizi na chipukizi. Akawaambia majani yakatwe nusu, na magugu yang'olewe kwa mkono mwaka wote wa kwanza. Akawaonya wasitie mbolea, mafunjo yatalewa yaangukiane. Ule mzaha wa mbolea ni wangu! Yote yalikuwa yangu, neno kwa neno, niliyoyasema mezani huku yeye akihesabu mabati ya paa. Watu wakacheka. Yeye hakuwahi kuucheka.

"Kaka, toa hilo toroli, unakanyaga machipukizi!"

Shemeji alirudi nyuma hatua tatu, akavua kofia, akamwomba kinyozi karatasi.

Mchumba wa kike akanyoosha mkono. "Mama, haya yote umejifunzia wapi?"

"Kwa huyu hapa. Miezi mitano hajafunga mdomo."

"Na ulikuwa unamsikiliza?"

Mke wangu alinitazama. Matope yalikuwa yamemfika kwenye vifundo na unga ulikuwa bado mikononi.

"Nilikuwa nakasirika," alisema. "Lakini nilikuwa nasikiliza."

Wachumba waliandika hilo, wakalipigia mstari. Mimi niligeukia ukuta, nikajifanya natafuta konokono, mpaka nilipoweza tena kuonyesha uso.