Mipira ya Sirsi

Saa kumi alasiri, ghorofa ya tano jijini Bengaluru, mpira mwekundu wa kriketi ulidondoka kutoka darini ukatua juu ya meza ya Vasundhara. Aliutia kapuni, akaendelea na kahawa yake.

Ulikuwa wa kumi na mbili siku hiyo. Kampuni yao hurusha mechi mtandaoni, na kila picha ilipowagandia watazamaji wa mji wa Sirsi mpira ukiwa hewani, mpira huo uliangukia ofisini. Mfagizi alishaomba kapu la pili.

Zamani kulikuwa na watu wa kutazama picha zinavyokwenda. Wakapunguzwa, ukaletwa mtambo ambao haukufundishwa na mtu. Ulitazama mwaka mzima, ukajiamulia wenyewe kipi ni cha kawaida, na kisicho cha kawaida ulikipigia king'ora. Sirsi iliganda mwaka mzima, kwa hiyo kwenye skrini ya mtambo Sirsi ilikuwa kijani tupu, rangi ya mambo shwari. Siku ya Ayudha Puja, ya kubariki vitendea kazi, waliuvisha shada la maua, na bosi Nagesh akawaapisha wasiuguse.

Bibi yake Vasundhara aliishi Sirsi. Macho yake yalikuwa yakififia. Daktari alisema hayatafika mwakani. Mjukuu wake mwingine, Prajwal, alichezea timu ya jimbo, na bibi hajapata kuona pigo lake moja likifika mwisho.

"Ameupiga juu kweli," bibi alisema kwenye simu. "Umeangukia wapi?"

"Mezani kwangu, bibi."

"Haya. Uutunze."

Vasundhara aliweka kikombe chini, akaihamishia Sirsi kwenye seva mpya, ile ya mitaa ya matajiri. Dari likatulia.

"Umevuka uzio!" bibi alipiga kelele. "Nimeuona ukishuka, we! Nimeuona!"

Hapo king'ora kikalia, mara ya kwanza tangu kiwekwe. Nagesh akaja mbio.

"Sirsi haigandi! Nani kagusa?"

"Mimi, bosi. Lakini watu sasa wanaona."

"Sijakuuliza nani anaona, dada. Nimeuliza mbona kinalia."

"Labda mtambo umekosea."

"Utakoseaje, na hakuna aliyeufundisha?"

Akairudisha Sirsi ilikokuwa. King'ora kikanyamaza, kijani kikarejea, ofisi nzima ikapiga makofi. Kwenye ripoti Nagesh aliandika kwamba hitilafu ya Sirsi imetatuliwa kwa dakika nne.

Vasundhara alisogeza kikombe chake kidogo. Mpira ukatua palepale kilipokuwa.

Simu ilikuwa bado haijakatwa.

"Ameupiga tena," bibi alisema. "Uko kwako?"

"Uko kwangu, bibi."