Goti la Trizah

Trizah alifunga bandeji gotini, akavaa taiti ndefu juu yake, akameza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka nyumbani Ngoingwa. Goti lilimgeuka kwenye mechi ya mtaani, wiki ileile timu ya wanawake ya Ruiru ilipotangaza kwamba inatafuta mshambuliaji. Bahati gani hiyo ya kukera! Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa kesho yake, na Trizah alishaapa kwamba msimu huu hatakuwa mtazamaji.

Na kweli alicheza kwenye majaribio ya timu hiyo siku ile. Alikimbia mbele tu, akaepuka kugeuka ghafla, akafunga mabao mawili kwa mguu mzima. Kocha Mbinya, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alimwambia nahodha wake, Nelima, "Huyo tunamchukua." Trizah alisikia, na moyo ukamruka kwa furaha.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulijua. Timu ile haiondoki uwanjani bila kuomba, na huomba kwa magoti, kocha na wachezaji, hata kuwe na matope. Wote wakashuka. Trizah naye akajaribu, goti likagoma katakata. Akabaki amesimama peke yake katikati ya vichwa vilivyoinama.

Angeweza kusema kanisani kwao huomba wima, nani angembishia? Uongo ulishafika mdomoni. Kisha akawatazama wale wasichana waliofumba macho, akaona aibu.

"Kocha, pole kwa kukatiza maombi. Niko na injury. Ni hii goti, nimekuwa nikiificha."

Mbinya alifumbua macho. "Na ukakimbia hivyo? Wee, unataka kuimaliza kabisa?"

"Nilijua mkijua hamtanisaini."

"Nani alikuambia? Hakuna sheria inakataza timu kusaini mtu ameumia. Ni sisi makocha tu huogopa." Alimtazama kutoka juu hadi chini. "Na nikikuacha?"

"Nitapona, nirudi dirisha ikifunguliwa tena. Lakini hapa nitacheza, kocha. Hiyo usiwe na doubt."

Nelima aliziba mdomo asicheke. Mbinya hakucheka.

"Sawa. Tunakusaini na hiyo goti yako mbovu. Lakini hugusi mpira mpaka daktari aseme. Utakuja mazoezi kama wengine. Na tukiomba, wewe simama."

Trizah alikuja, jua liwake au mvua inyeshe. Alikaa kando akinyoosha mguu kama daktari alivyomwagiza, huku wenzake wakikosa mabao ambayo yeye angeyafunga akisinzia. Wivu ulimuuma kuliko goti. Wakati wa maombi alisimama, na kila mara alijiambia kwamba ipo siku atashuka.

Msimu ulikuwa umefika katikati daktari alipompa ruhusa. Jioni hiyo baada ya mazoezi Trizah alipiga magoti pamoja na wenzake, polepole, ameuma meno, akatulia hapo chini. Mbinya ndiye aliyekuwa akiongoza sala. Alifumbua jicho moja, akamwona, akaikatiza sala kabla hata hajafika kuwaombea wagonjwa.

"Amina," alisema. "Trizah, mechi ya Jumamosi unaanza."