Wanaorudi

Saa nne na nusu asubuhi kengele ya dakika kumi za mwisho ililia na mlango wa chumba cha pili ukafungwa. Ndani walibaki watatu: mama mmoja aliyeunda na kuuza mashine za kutotolesha vifaranga, na wanafunzi wawili wa biashara waliocheza nafasi ya wawekezaji katika shindano. Wawili hao walikuwa mtu na binamu yake. Darasani waliitwa Waziri na Mizani.

Masharti yalijulikana. Timu imebakiwa na swali moja, kisha iwekeze au ikatae. Mmoja asaini. Uamuzi ukiwa sahihi, aliyesaini anapata kazi katika kampuni iliyoandaa shindano. Ukiwa na kasoro, anatolewa. Mizani aliitaka kazi hiyo tangu mwaka wa kwanza.

"Kati ya wateja wangu kumi, saba wanarudi," alisema mama.

Waziri akamkonyeza binamu yake. "Umesikia? Chema chajiuza. Tuulize bei ya hisa, tumalize."

"Ngoja kwanza."

"Ngojangoja huumiza matumbo, dada."

Ng'ambo ya ukuta, timu ya chumba cha kwanza, iliyomsikiliza mama huyo kabla yao, ilipiga makofi. Walikwishasaini.

"Mashine inadumu miaka kumi," Mizani alinong'ona. "Ameanza kuuza mwaka jana. Wanarudi kununua nini?"

"Usituharibie!"

Mizani akamgeukia mama. "Samahani, mama. Hao wateja wanarudi kufanya nini?"

Mama alitazama viganja vyake. "Kutengenezewa, mwanangu. Kidude cha kupima joto kinaungua. Mayai yanaharibika."

Waziri alishusha pumzi. "Swali limekwenda na maji. Kidude tu hicho, kinabadilishwa. Mimi sisaini kukataa."

"Basi nipe kalamu."

"Ukitolewa, usinililie."

"Sikulilii. Nyumbani nitasema ulikuja kutazama."

Waziri alisukuma kalamu juu ya meza, kifuniko akabaki nacho. Mizani aliandika neno moja, *Hatuwekezi*, akasaini.

Kengele ililia tena. Jaji aliingia, akachukua karatasi, akaisoma amesimama. Kisha akamuuliza mama, "Uliwaambia?"

"Waliniuliza."

"Na wale wa chumba cha kwanza?"

"Hawakuuliza."

Jaji alikunja karatasi. "Aliyesaini anifuate, akachukue mkataba wa kazi."

Mizani aliinuka. Waziri naye aliinuka, akatazama kifuniko cha kalamu mkononi mwake, akaketi.