Nyumba ya Kumtuliza Mke Mkubwa

Benchi lilikuwa fupi, kwa hiyo wake wawili wa Zengo walikaa wamegusana mabega. Evalina, mke mkubwa, alikuwa akiyanusa mafuta ya nywele ya Apolonia tangu asubuhi, na kila alipoyanusa roho ilimchoma. Yeye kichwani alikuwa na kitambaa tu.

Mume wao alisimama mbele ya ofisa wa ufilisi aliyetoka Mwanza. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi, Zengo aligeuka wakala wa kampuni moja, akakopa benki ili aikusanyie pamba. Kampuni ilibeba mzigo wa msimu mzima ikatoweka bila kulipa. Sasa ilikuwa imerudi Bariadi kwa jina jipya, inanunua tena, wala hakuna aliyeiita ofisini. Aliyeitwa ni Zengo, ataje kila mali aliyompa mtu ndani ya miaka miwili, maana zawadi za muda huo hurudishwa zikauzwa kulipa madeni.

Njiani alikuwa amemsihi Evalina aseme nyumba ya Dutwa ni yake tangu zamani, basi, asiongeze neno. Evalina alikubali. Bila nyumba ile hakuwa na pa kulaza ubavu.

Zengo alimwambia ofisa kwamba hajampa mtu kitu, ila ng'ombe ishirini wa mahari ya Apolonia, waliokwenda kwao Mwandoya.

Evalina alikuwa ameambiwa kumi. Yeye alitolewa wanane, mmoja kilema.

"Hao si mtawarudisha?" akauliza, wala hajaulizwa.

"Hapana, mama. Mahari si zawadi. Alitoa ng'ombe, akapata mke."

Apolonia aliinamisha uso. Labda ilikuwa aibu, lakini Evalina aliona tabasamu. Wivu ulimpanda.

"Na mimi ni nani?" alisema. "Kabla hajamleta huyu, alinituliza kwanza mimi, kama desturi inavyotaka. Alinijengea nyumba Dutwa. Ng'ombe wake walitoka baada yangu."

Zengo alifumba macho.

"Lini hiyo, mama?"

"Mwaka jana, baada ya mavuno." Alilisema neno hilo kwa majivuno, ndipo akalisikia mwenyewe.

Ofisa aliandika bila haraka. "Na wewe ulimlipa nini kwa nyumba hiyo?"

"Nimemzalia sita. Nimemlimia pamba tangu sina mvi hata moja."

"Hayo si malipo. Hiyo ni zawadi, itauzwa walipwe wanaodai."

Evalina alimtazama mumewe. Zengo alikuwa anatazama sakafu.

Karani alileta wino wa kutia kidole kwenye maelezo, kwa kuwa Evalina hakujua kuandika. Alikichovya kidole, asijue akiweke wapi. Apolonia alimshika mkono, akakielekeza kwa upole pale palipotakiwa, kisha akampa upindo wa kitenge chake kipya.

"Pole, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Jifute hapa."

Evalina alijifuta polepole, akikandamiza, ili doa lisije likatoka kwenye kitenge.