Simu ya Saa Nne

Kila Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi, niliwapigia simu walimu wa michezo wa shule nane na kuwasomea ratiba ya Jumamosi. Nilikuwa katibu wa Chama cha Michezo cha Shule Binafsi za Wavulana, ligi ya wadogo, wale wa chini ya miaka kumi na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mpira uliopigwa Jumamosi bila mimi kuutaja kwanza Alhamisi. Walimu waliniita Mama Ratiba. Nilijifanya silipendi jina hilo.

Ofisi ilikuwa chumba kilichopakana na stoo ya vifaa: meza, simu ya waya, daftari, na harufu ya mipira na chokaa ya kuchorea mistari. Utaratibu ulikuwa mmoja na sikutaka mjadala. Mimi nasoma, mwalimu anaandika, kisha ananirudishia alichoandika, neno kwa neno. Akimaliza, naweka alama ya vema kwenye daftari. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Una kalamu?" kwa sababu mwalimu wa michezo ana filimbi, ana saa, ana kila kitu isipokuwa kalamu.

Saba kati yao niliwamaliza kwa dakika mbili mbili. Wa mwisho, saa nne kamili, alikuwa mwalimu wa shule ya mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi. Huyo sikuwahi kumwona. Nilijua kikohozi chake, kiti chake kinacholia, na kwamba mkewe alifariki mwaka mmoja baada ya mume wangu. Naye alijua goti langu lipi ndilo bovu. Tukimaliza ratiba tulipiga soga hadi kengele ya mapumziko ilie upande wake. Binti yangu, anayeishi ng'ambo na hunipigia mara moja kwa mwezi, mbio mbio, alipenda kunitania: "Mama, una mchumba wa simu." Nilimwambia aache upuuzi. Lakini sitaficha, Ijumaa ilikuwa haijaisha nami nimeshaanza kuhesabu siku.

Sasa, Alhamisi ile alinisimulia jinsi mlinzi alivyomfungia ndani ya stoo bila kujua, na timu nzima ikazunguka shule ikimwita huku yeye anagonga mlango kwa fimbo ya kriketi. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikasoma ratiba huku bado nacheka, kengele ikalia, tukaagana. Hakunirudishia, wala mimi sikumkumbusha.

Jumamosi timu yake ilijipanga kwenye uwanja wao, kamba za viatu zimefungwa, ikisubiri wageni. Wapinzani wao nao walikuwa uwanjani kwao, wakisubiri wageni vilevile. Nilikuwa nimemsomea "nyumbani" mahali pa "ugenini". Mwamuzi alisubiri nusu saa kama kanuni inavyotaka, kisha akapuliza filimbi na kuwapa wenyeji ushindi wa mezani. Kwa shule ya mbali ilikuwa mara ya tatu kutotokea mwaka huo. Zile mbili za kwanza basi lao liliharibika njiani. Na kanuni yetu ni kali: mara tatu, shule inafutwa chamani.

Jumatatu alinipigia mwenyewe ofisini.

"Mama Ratiba, uzee umeniingia. Wewe umesema ugenini, mimi nimeandika nyumbani. Nimewaponza watoto."

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Mstari wake haukuwa na alama.

"Hutokea, Mwalimu," nikasema. Nilipokata simu nilijiona mtu wa hovyo kabisa.

Kamati ilikuwa ikutane Jumatano. Mwenyekiti wetu, kijana wa suti asiye na dogo, alikuwa anatafuta sababu ya kunistaafisha tangu siku aliyochaguliwa, ili ratiba zitumwe kwenye kundi la simu. Nikisema kweli, nanyang'anywa ufunguo wa ofisi. Nikinyamaza, shule inafutwa. Kwa vyovyote saa nne yangu ilikuwa inaondoka. Kunyamaza kungenibakishia kiti na zile dakika mbili mbili za wale saba, na usiku na mchana nilijaribu kujishawishi kwamba hizo pia ni kitu.

Mwenyekiti alisoma barua ya mwalimu. Kosa ni langu, aliandika, naomba msiwaadhibu wavulana. Mikono ikaanza kuinuliwa kuifuta shule. Nikapiga moyo konde, nikasimama na goti langu, nikaliweka daftari mezani.

"Tazameni hapa. Hakuna alama. Hakuandika vibaya. Mimi ndiye niliyesoma vibaya."

Shule ilibaki. Wakanishukuru sana kwa utumishi wangu, na kabla ya saa sita ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Alhamisi ya kwanza nyumbani niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Saa nne ilipofika nikaitazama simu. Nilijua haitalia, maana nambari yangu ya nyumbani hakuwa nayo; miaka yote mimi ndiye niliyepiga. Ya pili nikatoka kwenda sokoni ili nisiwepo. Ya tatu vidole vyangu vikapiga vyenyewe.

"Idara ya michezo."

"Ni mimi, Mwalimu."

Kiti kikalia. "Mama Ratiba! Nilidhani umetuchoka." Akakohoa. "Walinisomea ulichosema kikaoni. Hukuwa na haja."

"Nilikuwa nayo."

Ratiba ndiyo iliyokuwa ikitufungulia mlango, na sasa haikuwepo. Nikamsikia anapumua. Nikaogopa kwamba ataniaga kwa heshima, na mimi nitaitikia kwa heshima, na basi.

"Jumamosi mnacheza na nani?" nikauliza.

Ratiba ya msimu mzima niliipanga mimi, kwa mkono wangu, kabla hawajanitoa. Alijua hilo.

"Ngoja nichukue karatasi," akasema. Nikasikia droo ikifunguliwa. "Una kalamu?"

Mkononi nilikuwa na kitambaa cha vyombo.

"Ninayo," nikasema.

Akanisomea mechi zote, polepole, mpaka mwisho wa msimu. Alipomaliza akaniambia nimrudishie, nami nikamrudishia neno kwa neno, nyumbani na ugenini, hadi kengele yao ikalia.