Sahani ya Dhahabu ya Zumari

Msinione nafoka. Nimeuza kanda za muziki tangu sijaolewa, nikauza nikiwa mke wa mtu, na sasa nauza nikiwa mjane. Hakuna kitu kinachonipandisha presha kama mtu kuniambia, "Fulani kapata sahani ya dhahabu, basi kanunuliwa kweli kweli." Kanunuliwa wapi? Sahani ile, tuzo anayopewa msanii kwa mauzo, haihesabu kanda zilizoingia mkononi mwa mnunuzi. Inahesabu kanda zilizotoka ghala la kampuni kwenda madukani. Zikishafika kwetu, hata kama zimekaa chini ya kaunta zinakula vumbi, huko ofisi ya hesabu zimeshaandikwa kuwa zimeuzwa. Duka lina miezi mitatu ya kurudisha zilizododa. Zikirudi zinatolewa kwenye jumla, na jumla ikishuka chini ya kiwango msanii anapokonywa sahani yake. Tena anatangazwa redioni pamoja na chati ya wiki, ili walimwengu wapate la kucheka.

Sasa kaka yangu, huyo mnayemwita Zumari kwa ajili ya sauti yake, aliimba mpaka mvi zikamwota bila kuipata. Wenzake, tena wengine yeye ndiye aliyewafundisha kushika maikrofoni, walikuwa nazo ukutani sebuleni. Akienda kuwatembelea alichagua kiti cha kuipa mgongo. Mama yetu, ambaye anaishi mbali, safari ya kutwa kucha kwa basi, alizoea kumtania, "Kifungua mimba wangu, sahani gani hiyo isiyopakuliwa chakula?" Kaka alicheka kwa meno tu. Mimi dada yake nilijua lile lilikuwa donda, na lilikuwa linamla.

Kisha akaugua mapafu, akalazwa, akakonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Siku moja alikuja meneja wa mauzo wa kampuni yake, amebeba mfuko wa machungwa. Hakukaa sana na mgonjwa. Alimfuata daktari kwenye ukumbi, nami nilikuwa pale pale kwenye benchi, nimejiinamia, akadhani nimesinzia.

"Daktari, kwa makadirio yako," akasema, "ni wiki au ni miezi?"

"Wewe ni ndugu yake?"

"Mimi ni zaidi ya ndugu."

Daktari, Mungu amsamehe, akamwambia ni wiki. Meneja akashukuru kama mtu aliyeelekezwa njia.

Haikupita muda, dukani kwetu zikaanza kushuka katoni. Albamu mpya, nyimbo za zamani. Juu wameandika "Asante, Zumari", na picha yake ya ujanani, na mshumaa pembeni. Mshumaa! Mtu anapumua, ana mke, ana dada anayemnawisha uso kila asubuhi, wao wameshamwashia mshumaa. Mwenye duka akapokea katoni mpaka tukakosa pa kupita. Nikamuuliza, "Zote hizi za nini?" Akajibu bila hata kunitazama usoni, "Zitaisha siku moja. Huyu mwezi haumalizi." Halafu akakumbuka anaongea na nani, akajidai anakohoa. Na si yeye peke yake. Maduka yote yalikuwa yamejaza, kila mmoja akiogopa siku yenyewe ifike akutwe mikono mitupu.

Basi katoni zimetoka ghalani, hesabu imepanda, kiwango kimefikiwa. Meneja akaja wodini na mpiga picha na sahani ndani ya fremu ya kioo. Manesi wakapiga makofi. Kaka akaikumbatia kifuani akalia, akaniambia kwa ile sauti iliyobaki, "Mdogo wangu, kumbe watu hawakunisahau." Ningemwambia nini? Nililia naye, nikamfuta kamasi.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mtu akapona! Ile furaha ilimwingia kuliko dawa zote. Akaanza kuomba uji, kisha chai na mkate, kisha akawa anawaimbia wagonjwa wa vitanda vya jirani hadi wakalalamika. Daktari alipima, akapima tena, akakuna kichwa. Akamruhusu aende nyumbani na miguu yake mwenyewe. Njiani alikataa tumshikie ile sahani.

Nyumba nzima ilifurahi, wenye maduka hawakufurahi. Nani anunue "Asante, Zumari" na Zumari mwenyewe anaonekana barabarani ananunua gazeti? Zile katoni zikakaa. Meneja alimpokea kaka kwa tabasamu, lakini miezi mitatu ilipokaribia mwisho alikuja nyumbani kwake mchana, kaka amelala, akatukuta jikoni mimi na wifi yangu, mke wa kaka.

"Jumamosi maduka yakifunga ndiyo mwisho wa marejesho," akasema. "Nimepigiwa simu na kila duka. Wanazirudisha. Sahani itaondoka, na redio watalisoma jina."

"Si nyinyi mliozipeleka?" nikamuuliza. "Mlitegemea nini?"

"Sote tulitegemea kudra ya Mungu, dada."

Nilikuwa na mwiko mkononi, na hadi leo najuta sikumchapa nao. Wifi yangu alimimina chai, akaweka sukari, akamkaribisha yule mtu. Nilipoondoka kurudi dukani niliwaacha wanaongea chini chini, na mimi mjinga nikadhani anambembeleza.

Alhamisi asubuhi nimefungua duka, redio inawaka, mtangazaji anasema kwa huzuni kwamba kuna habari ambazo bado hazijathibitishwa, lakini mwimbaji mpendwa Zumari anasemekana ametutoka. Nilikuwa nimeachana naye jana yake usiku, amekula akashiba, amelalamika kuhusu chumvi. Nikapiga simu kwake, imezimwa. Ya wifi, imezimwa. Nikafunga pochi nikimbie, nikakuta mlango umezibwa na watu. Mlolongo! Mama mmoja alinipa noti huku machozi yanamdondokea kwenye kaunta, anataka kanda tatu. Kijana mwingine ananiambia pole na hapo hapo ananiomba punguzo. Mwenye duka alizichana katoni kwa mikono yake, anatoka jasho, uso umemng'aa.

Nilimwacha, nikaenda. Nilikuta geti limefungwa, mapazia yameshushwa, na majirani wamesimama nje wameshika tama. Wifi alinifungulia mlango wa uani, akaufunga tena haraka na kuutia ufunguo mfukoni. Na kaka, yule marehemu, ameketi chumba cha nyuma amevaa shati jeupe, redio mbele yake, uso wote meno.

"Umesikia?" akaniambia. "Kila stesheni ni mimi! Wifi yako anasema ni wiki ya Zumari. Nataka nitoke niwasalimie watu, ananikatalia, eti daktari kakataza vumbi."

Kumbe yule mwanamke kila saa ya habari alikuwa akija na sababu ya kuzima redio. Nilimvuta hadi jikoni. Nikamwambia, "Wewe una wazimu! Unamzika mumeo ili uuze kanda?"

"Sijamzika. Wala hakuna aliyesema amekufa. Meneja ameulizwa, akasema hali si nzuri, akanyamaza. Jumapili atasema mambo yamekuwa sawa." Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa akicheka. "Wewe ulimwona alivyokuwa kabla ya ile sahani. Wakija kuitoa ukutani, utamfunika shuka wewe. Haya, nenda ukamwambie."

Nilienda hadi mlangoni. Alikuwa anaimba pamoja na redio, amefumba macho, mkono juu. Sikuweza.

Ijumaa alijua mwenyewe. Tulisahau redio ya jirani. Kwenye redio ile alimsikia mpiga gitaa wake wa zamani, ambaye walikuwa hawasemezani miaka mingi, anamlilia kama mtoto, anamwombea alale mahali pema. Kaka akatuita, mimi na mkewe. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nikajiandaa kwa matusi, kwa vitu kuvunjwa, kwa lolote.

Akauliza, "Zimeuzwa zote?"

Wifi akamwambia, "Bado kidogo. Mpaka kesho jioni."

"Basi fungeni na lile dirisha."

Hapo ndipo nilipomchukia kaka yangu. Nasema kweli, nilimchukia mkewe nikamsamehe siku ile ile, lakini yeye! Nikamwambia, "Na mama? Mama ana redio. Umemfikiria mama?" Akasema nisimpigie, kwa sababu mama akijua mzima, mji mzima utakuwa umejua, na mpaka maduka yafunge ni siku moja tu, si mwaka. Nikampigia pale pale mbele ya macho yake. Mama hana simu, hupokea kwa jirani. Jirani akalia, akaniambia mama ameshaondoka na basi, hakubeba hata nguo ya kubadilisha.

Jumamosi mwenye duka alinipa ruhusa ya msiba. Alinishika na mkono, mnafiki yule. Nilikwenda stendi, mabasi ya kutoka kwa mama yalikuwa yameshaingia, nikampoteza. Nilimkuta getini kwa kaka. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, viatu mkononi, kanga imemvuka kichwani. Mashabiki na majirani wamemzunguka. Amegonga geti lile mpaka kiganja kimechubuka, na hakuna aliyemfungulia.

Nikapiga magoti nikamwambia sikioni, "Mama, usilie. Yuko hai. Yumo humo ndani, mzima kabisa."

Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye ninayehurumiwa. Nikasimama, nikapiga kelele umati wote usikie: "Yuko hai! Zumari yuko hai, amejificha, wanataka kuuza kanda!" Mnajua walinifanya nini? Mwanamke mmoja akanikumbatia kwa nguvu, akawaambia wenzake, "Uchungu umempanda kichwani, jamani, leteni maji." Nikaletewa maji.

Mama akajikokota hadi kwenye geti. Akashika vyuma kwa mikono miwili, akaita. Hakuita Zumari, aliita kama anavyoita uani kwetu tangu tuko watoto: "Kifungua mimba wangu! Dada yako anasema umo humo. Kama umo, niitikie. Sema naam tu, mwanangu, nitaondoka, sitaingia."

Watu walinyamaza kimya. Na redio nazo, sijui nani alizizima. Kutoka getini hadi dirisha la chumba kile ni hatua chache, hata mtu akijikuna unasikia. Mama akasubiri. Akaita tena, akasubiri tena. Mimi niliona pazia likisogea, vidole viwili vimelishika ukingoni, na kile cha pili kina pete. Kama mama naye aliviona, hakuniambia. Alikaa pale ameshika vile vyuma mpaka jua likapungua, kisha akaviachia, akanipa mkono nimwinue.

"Twende kwako," akasema. "Mwanangu angeniitikia."

Alilala kwangu kitanda kimoja na mimi, hakulia tena usiku ule. Asubuhi redio ikatangaza kwa shangwe kwamba Mungu ni mkubwa, uvumi ulikuwa uvumi tu, Zumari anaendelea vizuri. Hapo hapo wakasoma chati: albamu namba moja, marejesho hakuna, sahani imethibitishwa. Mama aliyasikiliza yote hayo akiwa ameketi sebuleni kwangu, amejitanda, mkono shavuni. Majirani zangu waliokuja kutoa pole walitazamana, wakaanza kushangilia. Yeye hakuinua hata uso. Wakaacha, wakiona aibu.

Kaka hakukawia. Alibisha hodi, akaingia kabla hajakaribishwa, sahani kwapani, mkewe nyuma yake anatazama sakafu. Ameshanyoa ndevu, amejipuliza marashi. Akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, ni mimi! Ni mzima, nitazame. Ilibidi, mama, ilikuwa siku moja tu. Na sasa hawawezi kuichukua tena, imeshakuwa yangu." Akataka kumshika mkono, ule uliochubuka. Mama akauondoa, taratibu, akauficha ndani ya kanga. "Mama? Naam, mama. Nimekuja. Naam."

Mama alimtazama uso wote, kuanzia mvi hadi kidevu, kama mtu anayehakikisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mgeni wako apunguze sauti," akasema. "Hapa tuna msiba."