Kibali Chenye Jina Langu

Mwanamke wa watu amekaa kwenye kiti changu, mezani kwangu, anapima soksi za mume wangu kwenye mizani yangu ya unga. Na mimi ndiye ninayemkaangia viazi!

Anaitwa Janalee. Anauza matairi duka moja na mume wangu Verl, na makorongo ya huku kusini mwa Utah ameyatembea tangu utoto. Verl, na miaka yake hamsini na minne, hajalala jangwani hata siku moja. Kila Jumanne wanapanga safari yake ya kwanza: siku tatu, chini kabisa ya korongo.

"Kata mpini wa mswaki, Verl," Janalee akasema. "Kila gramu utaijutia."

Akakata papo hapo. Mimi nimemwomba miaka sita akate tawi linalogonga dirisha langu, mpaka leo liko palepale.

Wivu? Ndiyo, ulinikaba, sioni haya kusema. Si kwamba niliwafuma na lolote. Ila kibali cha korongo lile hutolewa kwa bahati nasibu, na Verl alikosa miezi minne mfululizo. Wa tano akanijia: "Mama, hebu tuombe kwa jina lako." Tukapata. Kibali cha watu wawili. Mimi, mjinga wa Mungu, nikahesabu yeye na mimi. Nikanunua buti, nikazificha chini ya kitanda nimshtukize. Wiki ile ile akamleta Janalee na ramani yake.

Nilipomuuliza Verl kwa nini si mimi, hakuinua hata macho. "Aa, wewe hulipendi jua, Marva."

Sasa akanipa karatasi ya kubandika kwenye friji: wasiporudi Jumapili saa kumi na mbili jioni, nimpigie sherifu. "Kazi yako rahisi, mama. Kaa na simu tu."

Janalee alikuwa ameshika kibali. Akaacha kutafuna.

"Verl, hiki kina jina la Marva."

"Si nilikwambia, tuliongeza bahati."

"Mwenye jina lazima afike mwenyewe na kitambulisho, na ashuke korongoni. Hakihamishiki. Kwani hukusoma?"

Verl akakichukua kibali, akakigeuza huku na huku.

"Asiyekuwapo na lake halipo," nikasema, nikazima jiko.

Nikaenda chumbani, nikarudi na buti miguuni. Verl akacheka kile kicheko chake cha kuuzia matairi. "Kumbe mke wangu ulishajiandaa! Haya, twende mimi na wewe. Janalee ataelewa."

Hivyo tu. Janalee akaanza kuikunja ramani polepole, kainamisha kichwa. Uso ule niliujua. Nilikuwa nao mwenyewe siku nilipozirudisha buti chini ya kitanda.

"Janalee, huko chini maji yako wapi?"

"Chemchemi mbili. Ya pili iko nyuma ya mwamba, asiyeijua haipati."

"Wewe unaijua?"

"Naijua."

"Basi kunjua ramani, shoga. Tunakwenda wawili."

"He! Na mimi je?" Verl akauliza.

Nikaibandika ile karatasi kwenye friji, usawa wa macho yake.

"Wewe hulipendi jua, mume wangu."

Kesho yake asubuhi nikasikia msumeno. Alikuwa juu ya ngazi, anakata lile tawi. Nikaendelea kupima soksi zangu.